Pindo Tupu la Ardis Hultgren

Kwa vidole viwili tu, gumba na cha shahada, Ardis Hultgren alikuwa amewaliza wanawake wa mji wa Elsby zaidi kuliko waume zao wote wakijumlishwa pamoja. Alikuwa na namna yake. Alikujia katika ukumbi wa maonyesho ya kaunti, mfarishi wako umetundikwa pale, blanketi la viraka ulilolishona majira yote ya baridi mpaka mgongo ukapinda. Akautazama juu, akautazama chini, asiseme neno. Kisha akalishika pindo kwa vile vidole viwili, akalifinya polepole kama mpishi anayepima harage kama limeiva. Pamba ya ndani ikiwa imefika hadi mwisho wa pindo, alinyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kulikokuwa kusifu. Pamba ikiwa imeishia njiani, pindo likabaki kitambaa kitupu, alivuta pumzi kwa pua, akasema, "Tupu," akaenda zake.

Hakuna mshona mifarishi katika jimbo zima la Iowa asiyejua kwamba hakimu wa maonyesho hufinya pindo. Lakini hakimu huja mara moja kwa mwaka, naye Ardis alikuwapo siku zote. Mama yake alimfundisha hivyo, na mama yake alifundishwa na wake, wanawake wa Kiswidi waliofukia watoto wao katika udongo ule mweusi na jioni wakarudi kujaza pindo. Ukiona pindo tupu, wakasema, umeona mtu aliyechoka kabla kazi haijaisha. Ardis aliwadharau watu waliochoka.

Aliwadharau wengine pia. Aliwadharau wanaonunua ganda la pai dukani. Aliwadharau wanaolima soya kwa mistari iliyopinda, wanaopaka nyumba rangi ya njano, na mchungaji mpya wa Kilutheri aliyehubiri akitembeatembea. Lakini dharau yake iliyonona kuliko zote, ile aliyoilisha kwa mkono wake, aliiweka kwa wanawake wa mikoba.

Hao walikuwa wameingia Elsby miaka ya karibuni. Badala ya kushona mfarishi wa kumfunika mtu, walishona mikoba: ya kubebea vitabu, ya kubebea sindano, mikoba ya kubebea mikoba. Ndani ya mikoba hiyo waliweka sponji nyembamba ili isimame yenyewe kama sanduku. Kamati ya maonyesho ilipotaka kuwafungulia meza yao, Ardis alisimama akasema, "Mtu akikwambia ni mpishi, ukaenda kwake ukamkuta anachemsha yai, utamwitaje? Sponji ni ya godoro na ya kuoshea sufuria." Watu walicheka, kura ikapigwa, akashindwa. Tangu hapo hakuwahi kupita karibu na meza ile bila kukunja pua.

Na kiongozi wa wanawake wa mikoba alikuwa Keely, mke wa mwanawe wa pekee, Dale. Mwanamke wa kutoka jiji la Des Moines, mwenye miwani myekundu, aliyeuza vitambaa katika jengo lililokuwa benki zamani, na kila Jumamosi akafundisha humo kushona sponji. Ardis alimwita "yule binti mwenye duka," kana kwamba hawakuwa wakila meza moja kila Krismasi.

Basi, msimu ule wa baridi bega lake la kulia liligoma.

Kupitisha mfarishi wa kitanda kikubwa chini ya cherehani ni kama kumvuta ndama tumboni mwa ng'ombe. Uzito wote unalala begani, na bega lisiloweza halina la kusema pale. Daktari alimwambia apumzike. Ardis alimdharau daktari, akarudi kwenye cherehani, na kabla ya chai ya saa nne mkono ulikuwa umekufa ganzi hadi kidoleni. Mfarishi wa mwaka ule ulibaki nusu, umekunjwa juu ya kiti kama mgeni asiyejua kuaga.

"Acha mwaka huu upite," alisema Merle, mumewe, mtu wa maneno machache na soya nyingi.

"Upite uende wapi?"

"Wote hupita, Ardis."

Merle hakuelewa, na yeye hakuwa na nia ya kumweleza. Kila mwaka tangu alipoolewa, kadi yenye jina lake ilikuwa imening'inia katika ukumbi ule. Alijua kinachowapata wasio na kadi. Verna Kolb alipoacha kuleta kitu, watu walianza kusema, "Verna alikuwa fundi kweli," naye Verna ameketi pale pale anamenya yai. Mwaka uliofuata walimpelekea vyakula vya kuoka mlangoni kama wanaopeleka msibani. Ardis alikuwa amepeleka bakuli moja yeye mwenyewe, tambi na jodari, na kwa aibu yake aliliandika jina lake chini ya bakuli ili lirudishwe. Hakuwa tayari kupokea bakuli la mtu. Afadhali bega ling'oke.

Ashone nini, basi? Vijifarishi vya kutundika ukutani vilikuwa vyepesi, lakini meza hiyo ilikuwa himaya ya LaVonne Tjaden, jirani yake na mpinzani wake tangu shuleni, na kushindwa na LaVonne ni jambo ambalo Ardis hakulifikiria hata akiwa na homa. Vikoti vya watoto? Meza ya wajukuu wenye bidii. Akaipitia orodha nzima ya maonyesho kichwani, mlango baada ya mlango, mpaka ukabaki mlango mmoja. Kitu cha kushika mapajani. Kitu ambacho bega halina habari nacho.

Alikaa siku nzima akiwa na hasira ya mtu aliyetukanwa nyumbani kwake.

Keshoye alivaa koti lake la kanisani akaenda dukani.

"Karibu, Mama," alisema Keely. "Unatafuta uzi?"

"Naangalia tu. Au siku hizi kuangalia nako kuna kiingilio?"

"Bure kabisa."

Ardis alizunguka rafu kama mkaguzi wa afya. Akafika penye marobota meupe, akayagusa kwa ncha ya kidole. "Na hivi vitu vyenu?"

"Sponji za kushonea. Ziko aina tatu. Hii haina gundi, unaishona. Hii ina gundi upande mmoja, unaibandika kwa pasi. Na hii ina gundi pande zote mbili."

"Mtu abandike kwa nini? Hana vidole?"

"Wengine wana haraka."

"Wenye haraka wanunue mkoba dukani."

Keely alicheka, jambo lililomuudhi Ardis, kwa maana hakuwa amefanya mzaha. "Kusema kweli hata mimi siipendi ya gundi," alisema Keely. "Mkoba ukishaugeuza, kitambaa kinajikunja makunyanzi juu yake, na hayatoki tena. Hii isiyo na gundi inakiachia kitambaa nafasi. Ishike. Unaona ina kitambaa chembamba juu na chini? Ndiyo maana inapita kwenye cherehani bila kung'ang'ania."

Ardis aliifinya. Ilibonyea, ikarudi. Ilibonyea tena, ikarudi tena, bila kinyongo. "Kama mkate wa hospitali," alisema.

"Unashona mkoba, Mama?"

"Mimi? Kuna mtu namuulizia."

"Aa. Basi mwambie huyo mtu asidanganyike na sponji ya godoro, inabomoka. Atumie sindano nene, mishono mirefu kidogo, na asiibane kwa pasi ya moto, itajifia. Na kubwa kuliko yote, aikate. Isiingie kwenye mshono."

"Isiingie kwenye mshono?"

"Iishie kabla. Pale pembeni panabaki kitambaa peke yake."

Ardis alimtazama mkwewe kama anayemtazama mtu aliyetema mate kanisani. "Yaani tupu."

"Tupu, Mama. Ndivyo ilivyo."

"Nitamwambia," alisema Ardis akifunga kifungo cha koti, "kwamba hapa palikuwa benki, na wizi haujahama."

Akatoka mikono mitupu.

Nyumbani, katika gari la kambi ambalo Merle hulitumia kwenda kuvua samaki ziwani, kulikuwa na viti vyenye mito minene. Ardis aliuchana mto mmoja, akautoa moyo wake wa njano, akaukata vipande vyembamba kwa kisu cha mkate. Sponji ni sponji, alijisemea. Wafanyabiashara huvika kitu kile kile kanzu nyingine, na wajinga hupanga foleni.

Sponji ile ilifika chini ya mguu wa cherehani, ikagoma. Ilinata. Kitambaa kikaenda, sponji ikabaki; akavuta sponji, kitambaa kikarudi. Cherehani yake ya chuma, iliyowahi kupita juu ya tabaka za ngozi, ilitafuna mahali pamoja mpaka uzi ukafanya fundo kubwa kama kiota. Alipoinua mguu, sponji iliachia unga. Unga wa njano, mwembamba, uliojaa katika meno ya cherehani, mezani, na kwenye nyusi zake.

Merle alichungulia mlangoni. "Ardis, mto wa kiti changu uko wapi?"

"Umo humu."

Merle alitazama, akatafakari. "Humu wapi?"

"Kote."

Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Ardis hakuwajua wahenga hao, na kama angewajua angewadharau. Lakini mguu ulikwisha kuota. Siku iliyofuata alimtuma Merle dukani kwa Keely. "Ile isiyo na gundi," alimwagiza. "Na usimwambie ni ya nani."

Merle alirudi na robota chini ya kwapa.

"Alikuuliza?"

"Aliuliza. Nikamwambia ya trekta."

"Akasemaje?"

"Akasema nimwambie trekta asisahau kuikata."

Ardis alisonya. Na hakuikata. Katika jambo la sponji alikubali kwamba binti mwenye duka alikuwa anajua bidhaa yake, kama mfugaji anavyojua nguruwe wake. Lakini pindo lilikuwa jambo jingine. Pindo lilikuwa la mama yake. Hakuwa na sababu ya kupokea somo la pindo kutoka kwa mtu ambaye babu zake, kwa kadiri alivyojua, walikuwa wakiagiza blanketi za dukani kwa barua.

Alichagua kitambaa cha sufu ya kijivu, kizito, rangi ya anga la Novemba. Mbele yake alitia safu ya vipembe vidogo vidogo vyenye rangi ya mabua ya ngano, kila ncha ikakutana na mwenzake barabara. Alishona kitambaa na sponji pamoja kwa mistari ya kupishana, na sponji nzuri ile ikapita chini ya sindano kimya kimya, ikivuta sufu katika vibonde laini, mpaka Ardis akajikuta anapenda sauti yake. Hilo alilipuuza mara moja. Kisha akaunganisha pande, sponji ikiwa imejaa mpaka mwisho, kitambaa juu, bitana ndani, tabaka juu ya tabaka, kama alivyolelewa.

Sindano ilivunjika. Akatia nyingine. Ikavunjika pia, kipande kikaruka kikagonga kikombe. Alipolazimisha, mshono ulipita, lakini ulipita ukirukaruka kama sungura. Alipougeuza mkoba nje, pembe hazikutoka. Alisukuma kwa kidole, kwa penseli, kwa mpini wa mwiko. Pembe zilibaki zimevimba na kufura kama magoti ya farasi mzee, mishono imesimama kama bomba la maji lililopita chini ya zulia. Aliuweka mezani. Mkoba ulikaa kidogo, ukainama upande, ukalala.

Pindo lilikuwa limejaa. Alilifinya, akakubali moyoni kwamba hajawahi kuona pindo lililojaa namna ile. Na mkoba ule ulikuwa kinyago.

Halafu akafumua. Alifumua mshono mmoja baada ya mwingine kwa ile ncha ndogo ya kufumulia, akazungusha mshono mmoja mrefu karibu na ukingo ili kushikilia sponji mahali pake, kisha akachukua mkasi. Alitenganisha sponji na kitambaa kwa kidole, akaanza kuikata pembeni, sambamba na uzi, pande zote nne. Vipande vyembamba vyeupe vilianguka sakafuni bila sauti. Katika maisha yake yote hakuwahi kutoa kitu katika pindo. Alikuwa akitia tu. Alikata bila kuinua macho ukutani, kwa sababu ukutani ilikuwapo picha ya mama yake.

Mara hii sindano ilipita kama kisu ndani ya siagi. Pembe zilitoka zenyewe. Mkoba ulisimama mezani wima, mabega yake sawa, mdomo wazi, kama mtu anayesubiri kuimba.

Merle aliukuta akija kuchukua kahawa. "Umesimama," alisema.

"Hata ndoo husimama," alisema Ardis. Lakini hakuuondoa mezani wakati wa chakula cha jioni, wakala viazi wakiuzunguka.

Siku ya kupokea vitu vya maonyesho, LaVonne Tjaden ndiye aliyekuwa mezani akiandikisha. Alitazama mkoba, akamtazama Ardis, akavua miwani, akaivaa tena.

"Mwenzangu, umekosea meza."

"Sikukosea. Andika."

"Umemletea nani? Keely?"

"Andika, LaVonne. Kazi uliyopewa ni kuandika."

LaVonne aliandika, taratibu, akifaidi kila herufi. Akaikunja kadi ili jina lisionekane, kama inavyotakiwa mpaka hukumu itolewe, akaibana kwenye mkoba kwa pini. "Shoga yangu," alisema kwa sauti tamu, "mimi sisemi kitu. Nitatabasamu tu mpaka Alhamisi."

"Tabasamu. Meno ni yako, uliyanunua mwenyewe."

Alhamisi ukumbi ulijaa. Hukumu huko hutolewa hadharani. Hakimu huketi nyuma ya meza ndefu, karani humwinulia kitu kimoja kimoja, hakimu hukishika, hukigeuza, na kusema kwa sauti ubora wake na ubovu wake, na wenye vitu huketi mbele yake kwenye viti vya chuma wakiwa wamenyamaza. Kunyamaza ndiyo sheria. Anayefungua mdomo kumjibu hakimu, kitu chake kinatolewa mezani na kadi yake haitundikwi. Wanawake wazima wamesikia kazi ya mwaka mzima ikiitwa "jaribio zuri," nao wakameza mate na kutazama viatu.

Hakimu wa mwaka ule, Bi. Pruitt, alitoka kaunti ya mbali. Mama mnene mwenye sauti ya kengele na beji ya mshona mifarishi kifuani. Ardis aliketi nyuma, Merle upande mmoja. Keely alikuwa viti viwili mbele, shingo imekakamaa. Watu waliomwona Ardis katika hukumu ya mikoba walidhani amekuja kucheka, wakamwachia nafasi.

Karani aliinua mkoba wa bluu, mpana, wenye mifuko ya nje na vishikio vya ngozi. Ardis aliutambua. Ulikuwa wa Keely. Alikuwa ameupitia kwa macho tangu asubuhi akitafuta kosa, akapata moja tu, dogo, kwenye zipu.

Bi. Pruitt aliugeuza. Alisifu rangi, akasifu vishikio. Halafu, kama mkono unavyojiendea wenyewe kwa mazoea, gumba na kidole cha shahada vilishuka kwenye ukingo wa mkoba, vikafinya.

"Ah," alisema Bi. Pruitt. "Hapa sasa. Mshonaji huyu amefanya kazi nzuri, lakini pembeni hakujaza. Sikilizeni, akina mama: hapa ni patupu. Sponji imeishia njiani. Hii ni dalili ya haraka, na haraka naipunguzia alama." Karani aliandika. Shingo ya Keely ilishuka kidogo tu.

Ardis alihisi joto likipanda kutoka magotini. Haikuwa huruma. Huruma angeitambua, angeifukuza. Ilikuwa ni ile dharau yake ya kale, ya kurithi, ila haijawahi kumjia ikiwa safi namna hii. Mtu amekaa kwenye kiti cha hakimu na hajui anachokishika. Anafinya kwa sababu vidole vimezoea kufinya.

"Huo si mfarishi," alisema.

Hakupaza sauti. Hakuwa na haja. Vichwa vyote viligeuka, na Merle akafumba macho.

"Samahani?" alisema Bi. Pruitt.

"Nimesema huo si mfarishi. Ukijaza sponji kwenye mshono wa mkoba, sindano inavunjika na pembe zinavimba kama jipu. Inakatwa. Lazima ikatwe. Anayefinya pindo la mkoba angefinya na pindo la suruali."

Kuna waliocheka, wakajizuia. Bi. Pruitt alikuwa mwekundu hadi masikioni, lakini hakuwa mtu wa kuyumba. Alimtazama yule kikongwe aliyenyooka kama mti wa bendera. Akasema, "Mama, mimi nahukumu kwa ninachokigusa. Na wewe je? Umewahi kushona mkoba hata mmoja?"

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko, maana Elsby nzima ilijua jibu. Ardis Hultgren na mkoba! Na hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi mbele yake, mpana. Angesema hapana, angeonekana bibi mkorofi aliyepitia njia, angeketi, na hukumu ingeendelea. Mkoba wa kijivu ulikuwa wa pili kutoka mwisho, bado haujaguswa. Kadi yake ingefunguliwa saa nane na kutundikwa kama miaka yote. Mbali na Merle, LaVonne peke yake ndiye aliyejua, na LaVonne, pale kando ya meza, alikuwa ameacha kutabasamu.

Lakini kusema hapana kungekuwa kumwachia yule mama neno la mwisho, tena neno la kijinga. Hilo Ardis hakuliweza. Angeweza kukosa mkono, si hilo.

"Ule wa kijivu," alisema. "Wa pili kutoka mwisho. Ni wangu. Ufinye nao, utakuta ni mtupu. Sponji nimeitoa mimi mwenyewe kwa mkasi."

Kicheko kilikatika.

"Basi unaijua sheria," alisema Bi. Pruitt, kwa upole kidogo.

"Naijua. Nilikuwapo ilipotungwa, wewe ukiwa unanyonya."

LaVonne ndiye aliyekwenda kuuchukua. Aliubeba kwa mikono miwili, akauleta mpaka kitini bila kijembe hata kimoja, na Ardis akauchukua bila asante. Alisimama. Hakimu alimwita karani ainue mkoba uliofuata, na Ardis akatoka nao mbele ya watu wote, umening'inia kwenye bega la kushoto, akapita kwenye mlango ambao kila mwaka alikuwa akiupita mikono mitupu kwa sababu kazi yake ilibaki ndani.

Nje jua lilikuwa linachoma majani. Akina mama wa kanisa la Kilutheri walikuwa na kibanda cha pai, naye akaketi kwenye benchi lao akaagiza ya rubabu, yale mabua machachu ya bustanini. Aliuweka mkoba mezani mbele yake.

Keely alimkuta hapo baada ya saa nzima hivi. Alikaa upande wa pili.

"Amenipa wa tatu," alisema. "Utepe mweupe."

"Amebadilisha alichoandika?"

"Hakubadilisha."

"Hata aibu hana." Ardis alikata kipande cha pai. "La kuvunda halina ubani."

"Mama, kadi yako haitatundikwa mwaka huu."

"Nilikuwapo, Keely. Nilisikia."

Lilikuwa jina lake, limetamkwa na Ardis, bila binti na bila duka. Keely alilisikia, akalinyamazia, na kwa hilo alionyesha akili kuliko alivyodhaniwa.

"Ulinitetea," alisema.

"Sikukutetea. Mjinga alinikera. Angekuwa anafinya mkoba wa shetani ningesema vile vile." Alitafuna. "Na wewe zipu yako imepinda upande wa kulia. Angekuwa anajua kazi angeona hilo, akakunyima hata mweupe."

"Niliiona juzi. Nikajisemea hakuna atakayeiona."

"Mimi niliiona kutoka kiti cha nyuma."

Keely aliuvuta mkoba wa kijivu taratibu, kwa ruhusa ya macho. Aliugeuza, akatazama vipembe vya rangi ya ngano, akatazama ndani, akafika kwenye ukingo. Hakufinya. Alipitisha kidole tu kuufuata mshono, kutoka pembe hadi pembe, na pembe zote nne zilikuwa kali.

"Sindano namba ngapi?"

"Ile nene. Nilivunja mbili kwanza."

"Mimi nilivunja tano," alisema Keely. "Na nilianza na sponji ya kochi."

Ardis aliacha kutafuna. Alimtazama mwanamke yule mwenye miwani myekundu, aliyekuwa mke wa mwanawe miaka yote hiyo, akasonya. Lakini msonyo ulitoka mfupi, kama uliokatwa na mkasi.

Mle ukumbini walikuwa wameanza kufungua kadi na kuzitundika. Vipaza sauti vilitaja majina ya washindi mmoja mmoja, na lake halikuwamo. Alisikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama kidogo, kama mtu anayesikiliza mvua ikipita shamba la jirani. Kisha akajifuta mdomo.

"Ganda gumu," alisema, akisukuma sahani. "Wameikanda sana. Haya, niambie: ukitaka mkoba wa mviringo, sponji inakatwaje?"